Lehemu Yenye Mkia

9 Februari

Mke mwenzangu Spana,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini nimeitikia kabisa ili usipate kisingizio. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika, la kulia linalisikiliza tu. Mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike, ana sauti ya king'ora na masikio yale yale ya babu yako, maskini wa watu. Paka amekufa, lakini alikuwa mzee na mwizi, tusimlilie sana. Anayeandika ni jirani yangu mshonaji. Maneno ni yangu. Nimemwambia asiyanyooshe kama anavyonyoosha pindo za watu.

Nakuandikia kwa sababu simu yako naijua. Nikiuliza habari za kazi unacheka, nikiuliza utakuja lini salio linakwisha. Barua haina salio.

Haya. Mshonaji anahamishia cherehani zake kwenye stoo yangu ya nyuma, ikabidi nitoe vilivyomo. Nimetoa magunia, nimetoa kitanda cha miguu mitatu, nimetoa mabati. Mwisho ikabaki pikipiki ya babu yako, miaka tisa imesimama chini ya shuka kama bibi harusi aliyesahauliwa. Mshonaji akasema niipeleke kwa wanunua vyuma chakavu. Nikamwambia atangulie yeye.

Nikajiuliza, hivi hii kitu iko hai? Nikaenda na dumu kituo cha mafuta. Muuzaji akaniuliza, "Bibi, unaendesha nini?" Nikamjibu, "Nakuendesha wewe. Jaza." Nikamimina kwa ile faneli ya bati aliyonitengenezea babu yako, nikafungua koki ya chini ya tangi. Sijafika kumi kuhesabu, petroli ikaanza kumwagika chini kupitia kamrija kembamba kanakoning'inia pale kwenye kabureta. Usifikiri ni matone. Inatoka kama mbuzi anakojoa. Nikafunga koki, ikaacha. Nikafungua, ikaanza. Nikafunga, nikafungua. (Mimi mshonaji: jiko la mkaa lilikuwa linawaka hatua sita kutoka hapo.)

Sasa wewe ndiye unayefungua pampu na majenereta huko kama vifungo vya shati. Niambie kwa nini inamwaga. Halafu nina swali jingine, na hili ndilo nalitaka hasa. Ugonjwa huu unaweza kuanza pikipiki ikiwa imelala stoo tu? Au ulikuwemo tangu ile wiki ya mwisho, babu yako alipokwenda kazini kwa miguu, mvua ikamnyeshea siku tatu, akaja akalala na kifua mpaka akatuacha? Mtu akichungulia ndani anaweza kujua kama wiki ile ilikuwa nzima au mbovu? Nataka kujua. Usiniulize kwa nini.

Na ule. Chai si chakula.

Bibi yako


2 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo mara mbili, moja ya barua yako na moja ya leo. Nimefurahi kusikia habari za mtoto, masikio tutayafunika kwa nywele. Mimi ni mzima, kazi zipo. Wiki hii nimelala chini ya jenereta la hospitali siku nne, mgongo umekuwa ubao. Nakula, Bibi. Jana nimekula mpaka fundi mkuu akaniuliza kama nahifadhi.

Kwanza kabisa, nakuomba kwa magoti: toa lile jiko. Pikipiki isukumwe nje kwenye upepo, na petroli isikae karibu na moto hata wa kiberiti. Pili, mwaga yote iliyomo kwenye tangi. Ya zamani imeshaoza, inanuka uchachu, na ile mpya uliyomimina juu yake imechafuka.

Sasa kuhusu kumwaga. Chini ya kabureta kuna bakuli dogo la kupokea petroli. Juu ya mlango wa kuingilia kuna sindano. Petroli ikitosha, sindano inaziba mlango. Isipoziba, petroli inazidi kuingia, bakuli linafurika, ndiyo hiyo unaiona kwenye mrija. Pikipiki iliyokaa muda mrefu mafuta hugeuka gundi, sindano inang'ang'ania ilipo. Kwa hiyo Bibi tatizo ni sindano, au ni boya. Boya liache. Anza na sindano. Fungua skrubu nne za bakuli, ichomoe, ioshe kwa petroli safi na pamba, kisha pitisha ukucha kwenye ncha yake uone kama ina mfereji.

Swali lako lile la pili, hakuna anayeweza kujua. Miaka tisa ni mingi. Usijichoshe nalo.

Msalimie mshonaji.

Mjukuu wako


15 Machi

Spana,

Marahaba zote mbili. Huku kwema. Mtoto ameongezeka sauti. Mjomba wako kaja kuazima ngazi, kaondoka na ngazi na sahani yangu ya udongo, amesema atarudisha. Amesema.

Sasa tuweke mambo sawa. Mshonaji alipokuwa ananisomea barua yako alifika mahali akasoma, "Kwa hiyo Bibi tatizo ni sindano, au ni boya. Boya liache." Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikasimama. Nikasema, huyu mtoto nimembeba mgongoni mpaka mgongo ukachukua umbo lake, leo kaenda mjini kajua kuchomoa nati mbili, ananiita mimi boya, mjinga, tena niachwe! (Mimi mshonaji: hapa alisema mengine manne ambayo sitayaandika.) Mshonaji akacheka mpaka akajichoma kidole. Ndipo akanipeleka kwenye tangi lake la maji, akafunua kifuniko, akanionyesha lile dude la mviringo linaloelea na kufunga maji yakijaa. Akasema, "Hili ndilo boya." Nikalisukuma kwa mkono. Maji yakaja. Nikaliachia. Yakaacha. Nikakaa pale na lile tangi muda mrefu kuliko nilivyokaa na baadhi ya wageni.

Basi nimekusamehe, ingawa hukukosa.

Na nimeelewa. Boya ni mlinzi anayepanda na petroli, akifika juu anaisukuma sindano, sindano inafunga mlango. Mbona hukuniambia hivyo toka mwanzo? Uliandika sindano kana kwamba inajisukuma yenyewe. Fundi mzima unaruka kitu kama hicho?

Nimefungua. Skrubu tatu zilikubali, ya nne nikaidondoshea mafuta ya cherehani, nikaisubiri siku mbili, ikajirudi. Bakuli limejaa gundi rangi ya sukari iliyoungua. Sindano ilikuwa imeshika kama kupe, nimeichomoa taratibu kwa kibanio cha nyusi cha mshonaji, nikaiosha. Nikapitisha ukucha kama ulivyosema. Mfereji upo, unauzunguka mdomo wake kama pete. Nikairudisha hivyo hivyo, nikafungua koki. Haikojoi tena kama mbuzi. Sasa inalia, tone moja moja.

Nini kinafuata? Na bado sijajibiwa. Mbovu ya leo naiona. Ya wiki ile je?

Bibi yako, asiye boya


30 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zilibana, halafu nikaumwa mafua, halafu nikawa naanza barua nachana. Sasa ni mzima. Fundi mkuu amenipa meza yangu mwenyewe dirishani, yenye droo inayofungwa. Ungeiona ungetaka kuipangusa.

Ndani ya bahasha, kwenye kipande cha kitambaa, kuna sindano mpya. Nimeitafuta maduka matano, maana pikipiki ya babu ni ya zamani. Pete uliyoiona kwenye ile ya zamani ndiyo inayopitisha matone. Weka hii mpya, rudisha bakuli, usikaze skrubu kwa hasira. Itatosha. Boya halina haja ya kuguswa, ni shaba nyepesi sana, ukilibonyeza tu umeliharibu. Liache kabisa.

Ikikauka, itabidi uipige kiki uone kama inawaka. Ufunguo unao? Sikumbuki kuuona tangu msiba.

Mjukuu wako


11 Mei

Spana wangu,

Marahaba. Pole na mafua, chemsha tangawizi, na usilale na nywele mbichi. Hongera ya meza. Huku kwema, sahani yangu haijarudi, ngazi nayo haijarudi, nasikia mjomba wako sasa anazikwepa njia zote zinazopita kwangu, atazunguka mpaka achoke.

Sindano mpya imekaa. Nimefungua koki asubuhi nikaiacha mpaka adhuhuri, nimeweka gazeti chini. Gazeti kavu. Nimemwita mshonaji aje aliguse. Nimewaita na wateja wake waliguse. Mmoja alikuwa amevaa gauni lenye pini pande zote, naye ameligusa.

Lakini mwanangu, mtu akiniambia kitu nisikiguse mara moja, nasahau. Akiniambia mara mbili, mikono inaniwasha. Mara mbili umeandika boya niliache. Nimelichomoa.

Ni makopo mawili madogo ya shaba yaliyoshikana kama mapacha. Nimeyatikisa sikioni, hayana kitu ndani. Nimeyazamisha kwenye maji ya moto maana mshonaji anasema ndivyo alivyopimiwa mpira wa baiskeli yake, yakitoa mapovu yametoboka. Hayakutoa hata moja. Boya zima.

Ila kwenye mshono wa pacha mmoja kuna tone la lehemu, ile risasi ya kuungia bati. Nimelipeleka mwangani. Tone lina kimkia, mkia umeelekea kushoto. Nikaenda nikachukua faneli yangu, nikachukua ndoo, nikachukua kopo la kumwagilia. Nikavipanga mezani pamoja na boya. Mkia, mkia, mkia, mkia. Wewe unajua kama ninavyojua mimi. Babu yako alikuwa fundi bati wa mkono wa kushoto, kila kiungo alikimalizia kwa kukifuta upande huo, watu walikuwa wanatambua ndoo zake sokoni kwa huo mkia bila kuuliza.

Kwa hiyo alilifungua. Lini? Nimekaa na yule mwanaume miaka thelathini na minane na sijawahi kumwona akiifungua kabureta hata siku moja. Nani alitoboa boya mpaka likahitaji kuzibwa?

Swali langu la kwanza umelikimbia mara mbili. Hili lijibu.

Habari ya ufunguo tutaongea.

Bibi yako


20 Mei

Bibi,

Shikamoo. Barua yako imefika leo, najibu leo. Habari za nyumbani nimezisikia, za huku nzuri. Mshonaji, nakuomba umsomee Bibi mkiwa wawili tu, usiwepo mteja.

Bibi, ni mimi.

Ile Jumamosi mlikwenda kumwona mama mdogo, mkaniacha peke yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilitaka kujua ndani ya kabureta kuna nini. Hivyo tu. Babu alikuwa ananiita Spana, nikataka niwe spana kweli. Nilifungua kwa kisu chako cha jikoni, kile ulichouliza kwa nini kimevunjika ncha. Nililichomoa boya, likaniponyoka, nikarudi nyuma nikalikanyaga kwa kisigino. Mshono ukafunguka. Nikalifuta, nikalirudisha, nikafunga. Nikasema litashika.

Jumapili petroli ilikuwa sakafuni. Babu aliiona kabla yako. Akamwaga mchanga, akafagia, akanitazama, akaniambia, "Mke wangu, pikipiki imechoka tu." Jumatatu akatoka kwa miguu na mvua ile. Nilimwangalia kutoka dirishani mpaka alipokata kona. Jumanne tena. Jumatano tena. Yaliyofuata unayajua.

Ndiyo maana baada ya msiba nilikwenda kukaa kwa shangazi. Ndiyo maana nimejifunza kazi hii. Kila kabureta ninayoifungua, kitu cha kwanza nalitazama boya. Wenzangu wananicheka. Na ndiyo maana salio linakwisha, Bibi. Ningekuja nikaingia vipi kwenye ile nyumba?

Mimi ndiye niliyemtembeza babu kwenye mvua.

Lakini sasa umenivuruga. Boya lililokuwa mkononi mwangu halikuwa na lehemu. Mahali palipofunguka ndipo hapo hapo unapoona tone. Kama alilitengeneza, alilitengeneza baada yangu. Kama alilitengeneza, kwa nini aliendelea kutembea?

Spana


23 Juni

Mjukuu wangu

Usishangae mwandiko. Ni mkono wangu. Mshonaji amekuwa akinifundisha tangu Februari, kwanza kwa chaki ya kukatia nguo, mezani pake, halafu kwa kalamu. Barua hii nimeiandika siku kumi na moja. Yaliyomo si ya kumwambia mtu aandike. Habari za nyumbani ni kwamba sahani imerudi, imepasuka, gundi inaonekana.

Umeuliza kwa nini aliendelea kutembea. Kwa sababu ufunguo niliuficha mimi.

Ile Jumapili jioni, wakati tunarudi kwa pikipiki kutoka kumsalimu mzee wa duka, babu yako alishikwa na kizunguzungu, akatupeleka ukutani. Hatukuumia. Nikasema moyoni, huyu hapandi tena. Tulipofika nikauchukua ufunguo nikautia kwenye kopo la vifungo. Asubuhi akauliza mara moja tu, "Mama, umeuona ufunguo?" Nikasema, "Sijauona." Alinitazama. Alijua. Akavaa koti akatoka. Mimi nilidhani atakasirika siku moja, ataniomba, nitampa masharti. Hakuniomba. Na mimi sikumpa. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ubishi wangu na wake.

Umeona sasa kwamba hata Jumapili ile ile pikipiki ilikuwa inatembea? Ilikuwa inamwaga, mimi nilisikia harufu nyuma yake nikadhani ni kawaida yake.

Alipokuwa kitandani nikamwambia. Nikamwambia ufunguo ninao mimi. Akasema, "Hata ungenipa, ilikuwa inamwaga petroli, isingefika popote." Miaka tisa nimeishi na maneno hayo. Siku nyingine nayaamini nalala. Siku nyingine nasema huyu alinionea huruma tu. Ndiyo maana nilikuuliza vile. Nilikuwa nataka uniambie ilikuwa mbovu. Nilikuwa nataka sana. Sikujua kwamba ikiwa mbovu mimi napona na wewe unaumia.

Sasa sikiliza nilichokipata. Moto wa lehemu ulikuwa kwenye kibanda chake sokoni, hapa nyumbani hakuwa nao. Kwa hiyo Jumatatu alikwenda na boya mfukoni, akalizibia huko, akarudi nalo. Jumatatu jioni nilimkuta amechuchumaa kwenye pikipiki na koti limelowa. Nikamwambia, "Bila ufunguo unahangaika na nini?" Akasema, "Naiangalia tu." Nikacheka. Mimi nilicheka, Spana.

Basi tuhesabu vizuri. Jumatatu ni yako. Jumanne na Jumatano ni zangu. Mimi nina nyingi kuliko wewe na ni mkubwa kuliko wewe, kwa hiyo hiyo yako pia nipe, nitaibeba yote, nina mgongo. Na daktari alisema kile kifua kilikuwa kimeliwa na moshi wa lehemu miaka mingi kabla ya mvua ile. Wakati ule nilimsikia kwa sikio moja. Na wewe msikie.

Kitu kimoja kimenisumbua kuliko vyote. Kwa nini mtu atengeneze pikipiki ambayo hana ufunguo wake? Alijua nimeuficha. Alijua simpi. Na bado alikwenda na boya mfukoni kwenye mvua, akalitia tone, akalifuta kushoto, akalirudisha.

Nimewaza wiki nne. Hakutengeneza ili apande. Alijua utaifungua tena. Wewe mikono yako ilikuwa haitulii. Alitaka siku utakayofungua ukute boya lina mkia wake, ujue ameona, na amekwisha kulitengeneza, na hakuna kilichovunjika. Ilikuwa barua yako. Imekaa miaka tisa mle ndani kwenye petroli, na wewe uko huko unafungua za watu.

Mimi alinidanganya kwamba ni mbovu. Wewe alikudanganya kwamba imechoka. Mzee yule alikuwa na uongo wa kumtosha kila mtu nyumbani.

Boya nimelirudisha mahali pake. Sikulipangusa. Tangi limejaa petroli safi, tairi nimetia upepo, mshonaji amesubirishwa, cherehani zake zimekaa chini ya turubai na amekubali bila kununa. Plagi imesafishwa. Kilichobaki ni kupiga kiki, na goti langu unalijua.

Nimetia kitu humu ndani ya bahasha. Kimetoka kwenye kopo la vifungo, kimefungwa kwenye kile kitambaa ulichofungia sindano. Usikirudishe kwa posta, posta hupoteza.

Kilete.

Bibi